Kiti cha Mzee Jumbe

Mzee Jumbe alipomvisha Garama koti lake mwenyewe mbele ya watu, Seifu alipiga makofi kama wenzake, lakini ndiye aliyeacha wa kwanza.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, miezi michache kabla ya Uhuru. Mzee Jumbe, mwenyekiti wa tawi la chama pale Msambweni, alikuwa akiugua kifua, na alikuwa ametangaza kwamba ataachia kiti. Seifu alikuwa katibu wake kwa miaka mitatu. Yeye ndiye aliyezunguka kwa baiskeli, Gazi mpaka Kinondo, akiandikisha wanachama kwa jua na kwa mvua. Garama alikuwa ametoka Kinango juzijuzi tu, na kipawa chake kilikuwa kusema. Akisema, hata wazee waliacha kutafuna tambuu. Sasa kila alasiri alikuwa kwa mzee, akimpelekea dawa, mlango umerudishwa.

Seifu alimtolea dukuduku lake mtu mmoja tu, Bi Tumu, mjane aliyewaongoza akina mama wa tawi. Ndiye aliyepika chai ya kila mkutano, kisha akasimama mlangoni mpaka wanaume wamalize kikao. Bi Tumu hakumtuliza wala hakumchochea. Alimwambia tu kwamba Jumamosi Velji, Mhindi mwenye duka, ataonyesha sinema ya kwao katika ghala la kopra, na kwamba itamfaa kuitazama. Yeye atamfasiria, alikuwa amelea watoto wa Kihindi huko Mombasa miaka kumi na miwili.

Siku hiyo madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia. Picha ilikuwa ya mtawala mgonjwa na wanawe wawili. Mkubwa alikuwa mpole, mzito wa maneno. Mdogo alikuwa mzuri wa sura, na habanduki kitandani kwa baba yake. Bi Tumu alimwinamia Seifu sikioni.

“Anamwambia baba yake kwamba kaka mtu ni msaliti,” alinong'ona.

Baadaye yule mdogo akamimina kitu katika kikombe.

“Sumu hiyo, Bwana Seifu. Anataka mzee afe kabla hajageuza nia.”

Kijana akapiga magoti, akasema maneno mengi. Bi Tumu akayafupisha: anaapa kwamba kiti ni chake. Wanawake wa Kihindi waliokaa mbele walikuwa wakijifuta machozi, na Seifu alishangaa wanavyomlilia mtu muovu kiasi kile. Akauliza mbona kaka mtu hasemi lolote.

“Ndiyo maana atakikosa,” akajibu Bi Tumu.

Jumatatu, katika mkutano wa wanachama, Seifu alisimama. Alisema Garama ametumwa na serikali ya wakoloni kuja kukivunja chama, na kwamba dawa anazompelekea mzee zichunguzwe. Mzee Jumbe akamtaka alete shahidi. Hakuwa naye. Garama akalivua koti, akaliweka mezani, akasema kwamba hakuja pwani kuitwa mwuaji, lakini kiti hatakiacha. Watu wa bara wakasimama upande wake, wa pwani upande wa Seifu, na viti vikaanza kuinuliwa.

Mzee Jumbe, akikohoa, aliuliza kama tawi zima limekosa mtu mmoja asiyegombana na yeyote. Mtu mmoja akamtaja Bi Tumu. Seifu alimtazama Garama, akaona heri yeyote kuliko yule, akawa wa kwanza kuinua mkono. Wa pili alikuwa Garama, naye akimtazama Seifu.

Bi Tumu aliiacha ile nafasi yake ya mlangoni, akaja akaketi.

Majuma mawili baadaye Seifu alikwenda kununua mafuta ya taa. Velji akamwambia kwamba sherehe za Uhuru zikifika ataionyesha tena ile sinema, kwa kuwa watu wameipenda. Seifu akasema yeye haji; hana haja ya kumwona tena yule kijana aliyemnywesha baba yake sumu.

Velji aliiacha pampu, akamkodolea macho.

“Sumu gani, Bwana Seifu? Ile ni dawa. Kijana anapiga magoti, anamlilia baba yake kiti ampe kaka yake.”