Aliyemkaba Shomvi

Haya wajukuu, tegueni hiki: amezikwa asubuhi, mchana bado anakimbia. Hamjui? Ni Shomvi, winga wa timu ya mpira ya mji ule.

Walipotoka makaburini, wazee watatu waliketi kibarazani kunywa kahawa. Desturi yao, kikombe ni kimoja, na anayekishika ndiye msemaji.

"Marehemu alikuwa moto," alisema Ngwali. "Akikupita pembeni, unabaki na vumbi."

Hamdu akakinyakua kikombe. "Moto wapi, babu wee! Alikutana na mabeki uchochoro, kila mtu anapita. Fainali yenyewe hakuimaliza, akavunjika mguu."

Ngwali alikichukua kikombe, akamgeukia Kombo, mzee wa tatu. "Wewe ndiye uliyemkaba siku ile, ndugu yangu. Alikuwa mkali kweli?" Akampa kikombe.

Miaka thelathini Kombo aliulizwa hivyo, na kila mara alikipitisha kikombe kwa mwingine. Leo alikikumbatia kwa viganja viwili. Akageuka kushoto, kama anayesikia mbio za mtu zikija.

"Mpira sikuugusa hata mara moja," alisema. "Nilipochoka kumfukuza, niliukusudia mguu."