Ng'ombe wa Kuigizia

Boniventura aliomba ng'ombe wanne. Walikuja kumi na wanane, na nyuma yao wazee sita waliovaa makoti katika jua la saa nane, kila mmoja na fimbo yake.

"Ni wale wale," alinong'ona Gilbert, mpiga picha, ambaye kamera yake ilikuwa simu iliyofungwa kwa raba kwenye mpini wa fagio. "Wale waliosema wataivunja simu."

"Masunga amewatuliza," alijibu Boniventura, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupokea tuzo.

Tuzo yenyewe ilikuwa Bariadi. Shindano la filamu fupi kwa watengenezaji wapya, mada haki za raia, dakika tano tu, mwisho wa kupokea kesho saa kumi jioni. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam kusomea filamu mwaka mzima. Boniventura, miaka ishirini, aliyetoka bweni na cheti ambacho hakuna chuo kilichokitamani, hakuwa na mlango mwingine.

Filamu yake ilihusu binti anayeachishwa shule ili aolewe. Wiki iliyopita wazee wa Bukundi walitamka kwamba huko ni kutukana mila. Kisha Masunga, tajiri wa mifugo, akajitolea kuigiza muoaji, na ghafla hakuna aliyetukanwa tena. Alitaka jambo moja tu: picha zipigwe nyumbani kwa kina Boniventura, kwenye zizi lililokaa tupu tangu baba yao afariki. Zizi la kuazima, alisema, halinogi. Mama yao alikuwa Mwanhuzi akimuuguza bibi, kwa hiyo hakukuwa na wa kuombwa ruhusa.

Tatizo lilikuwa mwigizaji wa baba. Marcelo, fundi baiskeli, alikuwa ameitwa kwenye kibarua cha ghafla asubuhi ile.

"Simama wewe," Masunga alimwambia Boniventura.

"Mimi? Sina hata ndevu!"

"Ndevu zitaota. Jua halisubiri."

Milembe, mdogo wake Boniventura, wa kidato cha tatu, alitoka ndani amejifunga khanga ya mama. Yeye ndiye aliyekuwa binti wa filamu.

"Kaka, huyu Masunga ananitazama kama mnunuzi wa pamba anayetafuta mchanga kwenye furushi."

"Huo ndio uigizaji. Wewe lia tu."

"Nitalia. Ila Jumatatu nina jaribio la Kemia, usinichoshe."

Mzee Januarius, aliyepewa nafasi ya mshenga, alikaa kwenye kigoda, akasalimia, "Mwadila," akaanza. Hakuna aliyemwandikia maneno, wala hakuyahitaji. Ng'ombe wakapitishwa mmoja mmoja. Boniventura, kwa kunogesha, akamnyooshea kidole ng'ombe mweusi.

"Huyu anachechemea. Simtaki."

Wazee wakainuka, wakaenda kando, wakateta kwa Kisukuma, fimbo zikichorachora vumbi. Gilbert akaikumbatia simu. Kisha mtu akatumwa machungani.

"Wazee wangu, tuendelee tu," alisihi Boniventura. "Kamera haitauona mguu."

Januarius akatikisa kichwa. "Kamera haitauona. Sisi tumeuona."

Wakasubiri karibu saa nzima, hadi ng'ombe mwingine, mzima wa miguu minne, alipoletwa. Hakuna aliyecheka. Boniventura alijiambia kwamba ndivyo wasanii wazito wanavyofanya kazi, na kwamba Bariadi ingetetemeka.

"Nimepokea," alisema, mkono juu ya mlango wa zizi.

"Sauti ndogo," alisema Gilbert.

"Nimepokea!"

"Upepo umeingia."

Mara ya tatu aliufikiria ule mwaka wa Dar es Salaam, na machozi ya kweli yakamtoka. "Nimewapokea ng'ombe wenu, wazee wangu. Binti ni wenu."

"Mara moja ilitosha, mwanangu," alisema Januarius. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye simu.

Gilbert akarudi nyuma hatua mbili. Boniventura akaingia katikati yao, mikono imetanuliwa, tayari kuzifia haki za raia.

"Nataka kuona tu," alisema mzee. Akaitazama video yote, uso karibu na kioo, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Itunzeni vizuri. Isije ikapotea."

Boniventura alipumua kama mtu aliyeopolewa kisimani. Ilibaki picha moja: binti anapakiwa kwenye pikipiki, anaita "Kaka!" mara moja, pikipiki inafika kwenye uzio wa minyaa, basi. Mdogo wake Masunga ndiye aliyeendesha. Masunga mwenyewe alisema uzee haupendezi kwenye usukani, akasimama kando ya kamera.

Milembe akapanda, akamkonyeza kaka yake, akapanga uso wa huzuni.

"Rekodi!"

Pikipiki ikaondoka. "Kaka!" akaita Milembe, na ilikuwa nzuri mno hata nywele za Gilbert zikasimama.

"Kata! Safi sana! Mwambieni ageuze."

Pikipiki ikaipita minyaa.

"Kaka!" Milembe akaita tena, na hilo halikuandikwa.

Boniventura akaanza kukimbia. Fimbo za wazee zikakutana mbele ya kifua chake, taratibu, bila ugomvi, na mkono wa Masunga ukatua begani kwake.

"Mwache aende, shemeji," alisema Masunga. "Mvua isije ikamkuta njiani."