Mdogo Kuliko Wote

Katika mji wa Pumziko wanaishi wastaafu peke yao, na kila mmoja huvaa bangili inayosikiliza. Asiyeamkiwa "shikamoo" ana kwa ana na mtu mdogo kwake kwa siku thelathini, huhesabiwa kuwa amesahaulika na kuhamishiwa Bweni la Juu. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko.

Mji ulikuwa umejaa, haupokei tena wageni, na Bi Nsia, mwalimu wa chekechea mstaafu, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba akiwaamkia, na bangili zao zikawaka kijani. Yake ilimngoja mwanawe, Frumence, aliyeahidi kuja.

Siku ya thelathini Frumence alipiga simu. "Mama, kazi imenibana. Jumamosi nakuja, kweli."

Jirani wa Nsia, Kihwele, aliyemfuata kwa umri akimzidi mwaka mmoja tu, alipiga goti mlangoni. "Shikamoo, Bibi!"

Nsia alicheka hadi machozi. "Marahaba, mjukuu. Inuka, utavunjika goti bure."

Bangili ilijua umri wao. Haikuwaka.

Gari la Bweni la Juu lilipofika, Nsia alimshika Kihwele mkono. "Kesho waamkie wewe. Bi Sekela hasikii vizuri, paza sauti."

Kesho yake Kihwele alizunguka mji mzima, na bangili zikawaka moja baada ya nyingine. Alirudi kwake mchana, akatazama ya kwake. Ilikuwa imeandika: siku ya kwanza.