Taa ya Bi Kidawa

Taa ya redio ya Mzee Shabuka iliungua, na taa zile za kioo zinazoifanya redio ya zamani iseme hazitengenezwi tena. Tangu afiwe na mkewe, redio hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikisema nyumbani mwake. Fundi alimwambia kwamba nyingine imo ndani ya redio ya Bi Kidawa, jirani yake wa ukuta mmoja.

Akaenda kupiga hodi.

"Umekuja kuposa au kukopa?" Bi Kidawa akamtania.

"Kuomba taa."

"Mchana wote huu?"

"Taa ya redio, bibi wee!"

Bi Kidawa akacheka, kisha akamwonyesha redio yake. "Ing'oe. Yangu sijaiwasha miaka mingi. Yako naipata hapa ukutani, na ukiitikia salamu za mtangazaji nakusikia. Kesho nahamia kwa binti yangu."

Mzee Shabuka hakujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akimsikia.

Kesho yake jioni taa ilipata moto, redio ikasema. Akaigeuza ielekee ukutani, akaifungulia mpaka mwisho. Ng'ambo ya pili kulikuwa na chumba kimoja, kitanda cha kamba kisicho na godoro, wala hakukuwa na mtu.