Bangili ya Makame

Misuli ya Makame haikujua kugeuza chakula kuwa nguvu, na serikali ilimgawia unga wa dawa yule tu mgonjwa ambaye bangili yake ya kuhesabu hatua ilithibitisha kuwa anafanya mazoezi. Basi bangili akaivaa mkewe, Mize, akipandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya saba. Makame akatangazwa wa kwanza mtaani kwa mazoezi.

Kwenye maziko ya jirani, wanaume wakapokezana jeneza hadi likamfikia.

"Tupe bega, Makame! Chuma chetu!"

Hatua tatu tu, magoti yakamlegea. Wenzake wakaliwahi jeneza.

Alirudi ameinamisha uso. Mize alikuwa ameketi ngazini, hoi, anahema.

"Leo umevunja rekodi, mume wangu," akasema, akimpa bilauri ya unga uliokorogwa.

Makame akanywa yote.