Wenye Vishindo

Ma Kemilembe, mshika ufunguo wa handaki la kijiji, aliapa kuwa mitambo ya kuonya haikulisikia mapema tetemeko la asubuhi kwa sababu ya nyumba ya Kokushubira, ati mumewe alikuwa uani akikanyaga ndizi za pombe ya rubisi, na sheria inakataza kishindo mpaka lile tetemeko kubwa lililotabiriwa lipite.

“Mume wangu yumo ndani, mguu umemvimba!” alisema Kokushubira.

“Basi muuguze,” alijibu Ma Kemilembe. “Handakini hatuingizi wenye vishindo. Mkacheze ngoma huko huko!”

Majirani wakacheka. Ardhi ikatikisika tena, sufuria zikagongana, wote wakakimbilia handakini wakafunga mlango wa chuma.

Kokushubira akafika na mwanawe mgongoni. Hakuthubutu kuugonga, maana kugonga nako ni kishindo. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

“Ma, mpokeeni mtoto peke yake. Mimi nitarudi kwa baba yake.”

Alisikia wakipumua nyuma ya mlango, lakini komeo halikusogea.