Siri ya Mkufunzi Aikande

Zama hizo ugonjwa haukutibiwa tena. Ulihamishiwa kwa ndugu aliyekubali kuupokea. Madaktari walipotaka kumkata Aikande mguu kwa sababu ya kisukari, mdogo wake Ndeshi aliupokea ugonjwa ule. Aikande akainuka mzima, akaanza kukimbia, hatimaye akawa mkufunzi wa mazoezi anayesifika Moshi nzima.

“Mimi nilipona kwa mboga na jasho,” aliwaambia wanafunzi wake.

Jumamosi moja Ndeshi, sasa mwenye mguu mmoja, alikuja kwa magongo kumtazama akifundisha. Mwanafunzi mmoja akamhurumia. “Mama, ungemfuata dada yako mapema, usingefika hapa.”

Ndeshi akamgeukia dada yake, akangoja. Aikande akainamisha macho.

“Ni kweli,” Ndeshi akajibu taratibu. “Uvivu wangu tu.”

Aikande akapuliza filimbi, mazoezi yakaendelea.